Bosi Hajajibu

…na nyumbani ameiweka mwisho, ameiweka mwisho kabisa, “unataka kubaki hapa, mdogo wangu, au twende zetu nyumbani”, ametamka kwa upole, mikono juu ya meza, wala hana hila, najua hana hila, huyu kaka mtu si mjanja wa namna hiyo, lakini damu imenipanda mpaka masikioni kwa sababu katika nyumba hii ya matunzo hata mpishi anajua, Bosi, huyo anayeulizwa, ukimtajia mambo mawili huchukua la mwisho, chai au maji, maji, maji au chai, chai, unataka kulala au kuoga, kuoga, hata kama ametoka bafuni sasa hivi na nywele bado zinadondosha, anakuitikia haraka kabla hujafunga mdomo, kwa heshima, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali, maana tangu utotoni watu walitaka ajibu tu, asichelewe, asiwapotezee muda, na leo ndiyo leo, meneja alituambia mapema kwamba kaka amejenga, ametenga chumba, amekipaka rangi, anaomba mdogo wake akakae naye moja kwa moja, na atakayeamua ni Bosi mwenyewe, si kaka, si ofisi, wala si mimi, ataulizwa hapa kwenye meza ya chakula na jibu lake litafuatwa, sasa kaka ameuliza, na nyumbani ameiweka mwisho… geuza swali, nataka kumwambia, geuza tu, anza na nyumbani umalizie na hapa uone, maneno yako kwenye ncha ya ulimi na mimi mdomo wangu hauna breki, mke wangu husema siku nitakayokufa mdomo utazikwa siku ya pili yake, lakini meneja pale kwenye kona ya meza ananitazama kwa lile jicho lake la kaa kimya, mama huyu hasemi sana, jicho tu, na mimi naangalia vikombe vya chai, naangalia kiatu cha Bosi chini ya meza, kiatu cha kulia, kamba zake zimefungwa na kaka, ndiyo, na hilo nalo linaniuma tangu asubuhi, alipofika tu, hajapewa hata kiti, aliona kamba imelegea akapiga goti akamfunga mdogo wake kiatu kama mtoto wa chekechea, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, na mimi nilikuwa mlangoni nikitaka kumpasulia, bwana, huyo anajua kufunga mwenyewe, nimemfundisha mimi, mimi niliyeingia nyumba hii kama mlinzi wa geti, sina cheti cha kutundika ukutani, hakuna aliyenifundisha kwamba ukimfundisha mtu kufunga kamba usikae mbele yake, ukikaa mbele mkono wake wa kulia unafuata wako wa kushoto, mnachanganyana, mnagombana, yeye anatupa kiatu na wewe unatoka nje kuvuta pumzi usije ukasema la kujutia, nilijionea mwenyewe, nikahamia ubavuni kwake, bega kwa bega, mimi na kiatu changu yeye na chake, msimu mzima wa mvua tulikaa kwenye ngazi za nyuma tukifunga na kufungua kama mafundi viatu waliokosa wateja, mpaka siku alipofunga akasimama akanyoosha mguu mbele, mikono nyuma, tumbo mbele, hivyo hivyo anavyokagua vyumba kila asubuhi kama anayetafuta vumbi la kumfukuzia mtu kazi, ndiyo maana tukamwita Bosi na yeye akalipenda, akaninyooshea mguu nikague, nikakagua, sikumsifu kwa makofi kama mtoto, nilimwambia kamba iko sawa, basi, mtu mzima humwambii zaidi… na leo amekaa kimya akafungwa, hakuuvuta mguu, hakusema mwenyewe mwenyewe kama anavyoniambia mimi nikimgusa hata kifungo cha shati, alimwinamia kaka yake akamtazama utosi, nikajiambia hiyo ndiyo hatari, wiki mbili tu kule atasahau kila kitu, atarudi kuwa mzigo wa kubebwa… lakini pengine alimwachia, hilo halikunijia pale mlangoni, linanijia sasa, pengine aliona kaka yake anataka kufunga kiatu, akamwachia afunge… “Mjomba, sabuni imekwisha,” Mama Redio ananiambia akipita kwenye korido na ndoo yake, huyo dada kila anachosikia redioni anakitangaza nyumba nzima, sabuni imekwisha, mvua za rasharasha maeneo ya milimani, wasikilizaji msibanduke, na hakuna anayemjibu, hata mimi, maana kaka anamtazama Bosi na Bosi anatazama ukingo wa meza, dole gumba linausugua polepole, linakwenda linarudi, na mimi nahesabu vyote vilivyopo hapa ambavyo kule havipo, bustani ya mboga anayoimwagilia yeye, kitanda cha dirishani, kazi yake ya kufuta vikombe ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, na mimi, ndiyo, na mimi nimo kwenye hesabu, mke wangu huniuliza, huyo Bosi wako umemuoa, maana hata ukiota unamtaja, na mimi humjibu kwa hasira kazi ni kazi, lakini kazi gani hii inayomkosesha mtu usingizi kwa sababu ya begi… begi, alipokwenda kulala kwa kaka mwisho wa juma lile, kumjaribisha, alirudi Jumapili amevaa shati jipya, amenyolewa vizuri kuliko ninavyomnyoa mimi, hakusimulia lolote, na begi lake hakulifungua, alilisukuma chini ya kitanda na nguo zake ndani, yeye ambaye hakubali soksi ilale nje ya droo, nikainama nikaliona, nikakaa kitandani kwake nikaliangalia kama limenitukana, kisha nikaenda moja kwa moja kwa meneja nikamwambia begi halijafunguliwa, sijui lina maana gani ila halijafunguliwa, maana mimi sifichi, hata jambo likinichoma mimi mwenyewe, nitalisema kavu kavu, na meneja akaniambia asante, akaongeza, wewe ungependa lifunguliwe, nikamwambia ndiyo, ningependa, kwani ni dhambi… sasa basi, wewe usiyeficha, mbona unataka kugeuza swali, hebu jiulize, ukimwambia kaka ageuze atageuza, mtu mwema huyu, ataanza na nyumbani atamalizia na hapa, na Bosi atasema hapa, haraka, kwa heshima, na meneja ataandika hapa, na kaka ataondoka ameinamisha kichwa na shati lingine alilomletea likiwa kwenye mfuko, kisha wewe utakwenda nyumbani unapiga mluzi kwamba Bosi amechagua, Bosi gani, umechagua wewe, umemjibia kwa mdomo wake, na tofauti yako na kaka ni kwamba yeye hajui la mwisho ndilo linalochukuliwa, na wewe unajua, basi wewe ndiye mbaya zaidi… yule mpishi wa zamani alimlisha uji miaka nenda rudi kwa sababu aliuliza mkate au uji, akaapa kwa jina la mama yake kwamba Bosi anapenda uji, mpaka akaja mpishi mpya akauliza uji au mkate, ndipo nikashtuka, nikaacha kumuuliza kwa maneno, mashati mawili namtandikia kitandani natoka nje nafunga mlango, nikirudi amevaa la kijani, kila mara la kijani, hata nilibadilishe upande, hapo nikajua huyu mtu ana lake, analo, tulikuwa tunaongea juu yake tu kama kelele za mvua juu ya bati, lakini nyumba mbili utamtandikia kwenye kitanda gani, kaka utamkunja umweke upande huu, mimi nijikunje upande ule, halafu nani atoke nje afunge mlango… nyamaza tu, kaa, jing'ate ulimi mpaka uumie, akisema nyumbani atakwenda, begi nitambebea mimi mpaka kwenye gari, na kaka nitamwambia mambo mawili matatu, usimfunge kiatu, usimuulize kwa “au”, mtandikie, toka, na sitalia mbele yake… lakini ngoja, mbona… mbona hajasema, kaka amemaliza kuuliza tangu kabla Mama Redio hajapita na ndoo, sasa hivi namsikia uani anawatangazia kuku wa jirani habari za michezo, na Bosi hajasema, Bosi anayejibu kabla hujafunga mdomo, nyumbani iko pale pale kwenye ncha ya swali, imeiva, kazi yake ni kuichuma tu, na hajaichuma, dole gumba limesimama kwenye ukingo wa meza, uso umekunjamana katikati kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa pomoni na hataki imwagike, sijawahi kumwona na uso huo, namjua mpaka ubavu anaolalia lakini uso huo siujui, na kaka hauelewi, kaka anadhani hakusikia, ananigeukia mimi, “Mjomba, amenisikia kweli,” na mimi, mimi mwenye mdomo usio na breki, natikisa kichwa tu kwamba amesikia, kaka anavuta kiti karibu, anafungua mdomo alirudie, “mdogo wangu, unataka ku—”, na Bosi ananyanyua kiganja, polepole, hamtazami kaka, hamtazami meneja, wala hanitazami mimi, “Ngoja,” anasema… ngoja, amesema ngoja, sauti yake nzito ile ya kuamka usingizini, hakuna aliyemtajia neno hilo, si la kwanza si la mwisho, halikuwemo kabisa, amelitoa ndani kwake mwenyewe akaliweka mezani, na kaka amefunga mdomo, meneja ameiacha kalamu, na kifua changu kimejaa hewa mpaka vifungo vinalalamika, ningekuwa peke yangu ningetoka nikazunguka nyumba nzima mikono nyuma tumbo mbele, maana mtu anayefikiria ananyanyua kiganja na ulimwengu unasimama, kama tajiri yeyote, kama hakimu yeyote, na mimi niliyejiapiza kwamba namjua huyu kuliko ndugu zake wa tumbo moja sijui atasema nini, haki ya Mungu sijui, inaweza kuwa nyumbani, inaweza kuwa hapa, inaweza kuwa jambo ambalo sisi watatu hatukuwa na akili ya kuliwaza, na sijawahi kujivunia kitu nilichokijua kama ninavyojivunia huku kutojua, dole gumba limeanza tena, linakwenda linarudi, chai inapoa, acha ipoe…