Televisheni ya Chaneli Moja

Mara ya tatu Night Poni alipofika mjini Arua kutafuta televisheni, alikuwa na shuka la kufungia mzigo na pesa zilezile za mara ya kwanza. Bei ndizo zilizokuwa zimesogea. Mpya hakuziangalia, maana kuziangalia tu kulimuumiza kichwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Afedra, fundi anayeuza zilizotumika nyuma ya soko, akamtajia alichonacho.

Afedra akawasha tatu za kiasi hicho. Ya kwanza ilionyesha mvua, na ukiisogelea ulilowa. Ya pili haikuwa na picha, ila ilikohoa. Ya tatu ilionyesha sebule: kochi lenye vitambaa vya kufuma, mzee amejinyoosha juu yake, na mwanamke chini akimenya karanga.

"Hii iko na chaneli moja tu," Afedra alisema. "Lakini picha iko safi. Na ikitoka hapa, mama, hakuna kurudisha."

"Programu gani hii?"

"Watu nakaa nyumbani."

Night Poni aliona hiyo ni afadhali kuliko kikohozi. Akalipa, akaifunga kwa shuka, akaipakata hadi kwake Koboko, karibu na mpaka.

Alihitaji kitu cha kumwongelesha wakati anashona. Mumewe, Lokule, aliwahi kuwa askari, akaacha, kisha akaenda ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini, kufanya kazi aliyoiita ulinzi. Alirudi na mabati ya nyumba nzima, na tangu hapo maneno yake kwa siku yalikuwa mawili, matatu siku ya sikukuu. Wiki hiyo alikuwa shambani Dranya akivuna mihogo, angerudi Jumamosi.

Jioni ya Jumatatu mwanamke wa karanga akainua macho.

"Baba, angalia," akamwambia mzee. "TV yetu imeanza kuonyesha mutu."

Akasalimia. Night Poni akaitikia, kwa kuwa salamu haiachwi ikining'inia. Watu wa huku hawawezi kuonana bila kuulizana ukoo, hata kioo kikiwa kati yao. Mwanamke aliitwa Agnes Keji, anakaa na watoto wawili na baba yake ng'ambo ya mpaka, kando ya barabara kubwa. Ukoo wake ulikuwa ule wa mama yake Night Poni.

"Basi wewe iko dada yangu!" Agnes alisema, akapiga makofi kwa furaha.

Na dada ukishampata, humfichi mume. Jumanne Night Poni alishusha picha ya Lokule ukutani, ile ya magwanda, yenye kovu kidevuni, akaisogeza karibu na kioo.

"Huyu shemeji yako. Lokule."

"Shemeji Lokule," Agnes alirudia, akawaita watoto waje kumwona baba yao mdogo. Walimwangalia vizuri, mpaka lile kovu.

Jumatano Night Poni aliona kalenda nyuma ya kochi. Ilikuwa ya miaka minane iliyopita, mwaka wa vita. Mwaka ule watu waliingia Koboko kwa miguu, magodoro kichwani, wakisimulia nyumba za kando ya barabara kubwa ambamo hakutoka mtu. Aliogopa mpaka sindano ikamdondoka.

"Dada, tokeni leo," alisema. "Njooni huku."

"Tutatoka namna gani? Baba hapana weza tembea." Agnes aliendelea na karanga zake. "Usiogope. Mlango iko na makomeo mbili. Sisi nafungulia watu yetu tu."

Alhamisi na Ijumaa Night Poni alimwomba kwa machozi, na Agnes akamjibu yaleyale, kwa upole, kama unavyombembeleza mgonjwa. Night Poni hakula. Aliifunika televisheni kwa shuka, akabaki akisikia maganda ya karanga yakivunjika. Akaifunua tena, maana kutoona kulikuwa kubaya zaidi.

Jumamosi jua likielekea kuzama Lokule aliingia, akatua gunia la mihogo. Aliona sebule ile kwenye kioo. Akakaa taratibu.

"Hii umetoa wapi?"

"Arua."

"Zima."

Night Poni alibonyeza, haikuzima. Alichomoa waya kwenye betri ya sola, na picha ikabaki palepale. Kisha mlango wa sebule ile ukagongwa.

Agnes akapanda kigoda, akachungulia juu ya mlango. Agnes aligeuka, uso umechangamka.

"Dada, usiogope tena! Iko shemeji!"

"Usifungue!" Night Poni alipiga kelele, akagonga kioo kwa viganja vyote viwili. "Agnes, usifungue!"

Lakini Agnes alikuwa anateremka huku akiita, "Shemeji Lokule! Nakuja!" Komeo la kwanza likashuka, kisha la pili.

Lokule aliyeingia alikuwa mwembamba, hana mvi, ana bunduki. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili. Alisimama, ameshangaa kusikia jina lake mahali asipojulikana.

"Huyu mama anajua wewe," mmoja wa wenzake alisema.

"Basi, hapana acha mutu," alijibu Lokule.

Night Poni alifumba macho, ila masikio hakuwahi kuyaziba. Alipofumbua, picha ilikuwa inainuka: dari, kizingiti, mbingu ya jioni, bega la mtu aliyeibeba TV ya Agnes. Nyuma ya bega hilo nyumba ilikuwa kimya. Baadaye ikaonekana barabara.

Lokule wa kwenye kiti alikuwa hajatikisika.

"Siku zote najiuliza," alisema, na hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa miaka, "ule mama alijua jina yangu namna gani."

Akamgeukia mkewe, akamngoja. Night Poni alijua jibu. Aliogopa kulitoa, akaogopa pia kwamba uso wake umeshalitoa. Kwenye kioo barabara ya kuja Koboko ilizidi kupita, vumbi na majani.

"Maji ya kuoga iko?" Lokule aliuliza.

Alisema yapo, akainuka kwenda kumchotea.