Kikapu cha Jumapili ya Kwanza

Wino wa kuchukulia alama za vidole wa ofisi ya sherifu haukutoka kwenye vidole vya Mama Ozella Pugh kwa sabuni, wala kwa limau, wala kwa mafuta ya taa. Verdell Hatcher alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, anasugua kidole kimoja baada ya kingine.

"Acha, mwanangu," Mama Ozella alisema. "Mimi mweusi tangu kuzaliwa. Sijui walidhani wino wao utaonekana wapi."

Verdell akaendelea kusugua. Mama Ozella alikuwa na miaka sabini na tisa, mama wa kanisa la Mlima Nebo. Tangu Verdell hajaota meno, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mzee huyu alivaa gauni jeupe, akabeba kikapu, akawapelekea wagonjwa meza ya Bwana majumbani kwao. Mkate, maji ya zabibu, na kipande cha pai ya viazi vitamu, maana Mwokozi hakukataza pai. Oktoba iliyopita wagonjwa walikuwa pia na bahasha za kura, zile za wasioweza kufika kituoni. Waliojua kuandika walijaza wenyewe. Wasiojua walimwomba yeye, kwani nani mwingine? Ndiye aliyewasomea barua za watoto waliohamia Chicago, na za daktari. Akazitia bahasha kikapuni, akazipeleka posta.

Verdell akarudi kwenye kiti cha udiwani kwa kura ishirini na sita. Miaka minne kabla alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kukikalia katika kaunti ya Marlow, ambako weusi ni saba katika kila watu kumi. Mara ya kwanza wazungu walidhani ni bahati tu. Mara ya pili wakaita wapelelezi.

"Waliniuliza nani aligusa bahasha. Nikasema mimi. Wakauliza mara ngapi. Nikawaambia, vijana, nagusa na mkate, mnataka nao tuuhesabu?"

"Mama, ulitakiwa unyamaze mpaka wakili afike."

"Nililelewa kujibu nikiulizwa." Akaitoa mikono kwenye beseni, akaitazama. "Wanasema miaka mitano kwa kila bahasha. Zilikuwa kumi na moja. Kwa hiyo nitatoka nikiwa na..." Akaanza kuhesabu kwa vidole vile vile, akaacha.

Ijumaa mwendesha mashtaka, Bwana Thrasher, alimwita Verdell ofisini kwake, katika jengo la mahakama ambamo madiwani nao wana ofisi.

"Verdell," alisema, ingawa ghorofa moja juu yake kulikuwa na mlango ulioandikwa Mheshimiwa Bi. Hatcher. "Keti. Mama yako hajambo?"

"Mama alishafariki, Bwana Thrasher. Ulikuja mazishini."

"Kweli. Mwanamke mwema. Alinifulia nguo nikiwa mdogo." Akasukuma karatasi juu ya meza. "Barua ya kujiuzulu. Nimekuandikia mwenyewe, nikupunguzie kazi. Sababu ni afya."

"Mimi siumwi."

"Kwa sasa." Alikuwa anatazama dirishani. "Jumatatu saa sita mchana iwe hapa na saini yako. Faili la Ozella litapotea, kama mafaili yanavyopoteaga."

"Wazee wenu wa kizungu, wa ile nyumba ya kutunzia wazee, nao walipiga kura za bahasha. Mia moja na kumi. Muuguzi alizibeba kwenye gari lake."

"Hakuna aliyelalamika."

"Mimi nalalamika."

"Vizuri. Malalamiko ya uchaguzi huletwa kwa mwendesha mashtaka." Akafungua kalamu, akaishika juu ya daftari tupu. "Nakusikiliza."

Jumapili gauni jeupe lilikuwa limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni, na Mama Ozella mwenyewe amekaa kitandani.

"Nenda wewe," alisema. "Mikono yangu haijatakata."

Verdell akaazima gauni. Halikuwa na mfuko, kwa hiyo barua ya Thrasher aliilaza chini ya kitambaa cha kikapu, haina saini bado, halafu mkate juu yake.

Nyumba ya kwanza pazia lilicheza, mlango haukufunguliwa. Ya pili mjukuu alitokea, akasema bibi amelala, na huko ndani bibi akaendelea kuimba pamoja na redio.

Ya tatu ilikuwa ya Shemasi Lucius Tate, miaka tisini na moja, jicho moja, miguu yote miwili imekatwa kwa sababu ya sukari. Mwaka sitini na tano alifukuzwa kwenye shamba la mzungu alikokuwa akiishi na kulima, kwa kujiandikisha kupiga kura. Alilala hemani na watoto sita msimu mzima wa baridi, na hakwenda kuomba radhi. Barabara ya kwake Verdell ndiye aliyeipigania mpaka ikatiwa lami, gari la wagonjwa lipate kupita.

"Verdell hapa, Shemasi. Nimeleta meza ya Bwana."

Jicho likatua kwenye kikapu. "Wapelelezi wawili walikaa hapo hapo uliposimama. Wakirudi, wananipandisha basi maili mia na sitini nikaape mbele ya jaji kuhusu kura yangu. Nikawaambia sawa, nitapanda kwa miguu ipi?" Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena.

"Leo hakuna kura. Ni mkate tu."

"Najua, binti."

Akamnyooshea mkate. Mikono ya mzee ilibaki chini ya blanketi.

"Weka mezani. Usinipe mkononi."

Verdell akauweka mezani. Ndipo alipoona, kupitia wavu wa mlango, gari la sherifu limesimama mbele ya nyumba. Enzi za changarawe gari lilisikika tangu darajani. Lami haikutoa sauti.

Shemasi Tate naye alikuwa ameliona. Akainua shingo kuelekea mlangoni, akapaza ile sauti yake ya kuongoza nyimbo.

"Mimi sikumpigia mtu kura. Sijapiga kura maisha yangu yote."

Kisha akamgeukia Verdell, jicho limejaa maji, akanong'ona:

"Nimesema sawasawa?"