Mtu Aliyekuja Kupima Chumba cha Fundi Cherehani

Hebu niambie, mtu akiingia chumbani kwako na futi mkononi, akapima kuta zote nne, halafu ukimuuliza akakujibu "naangalia tu," wewe utamwamini?

Fundi cherehani hakumwamini hata kidogo. Miaka ishirini na sita alikuwa akishona katika chumba kile cha chini, kwenye jengo la ghorofa mbili linalotazamana na posta, na alijua vizuri futi hutangulia nini. Alipohamia, juu walikuwako wachapaji wa kalenda. Wino wao haujatoka sakafuni mpaka leo. Akaja mtu kupima, wachapaji wakaondoka. Akaingia daktari wa meno, ikawa wateja wanajaribu magauni huku juu ya vichwa vyao watu wanalia. Futi tena, na daktari kwaheri. Ikaja shule ya kupiga taipu, kisha wauza magodoro, kisha hawa wa simu ambao muziki wao haunyamazi. Kila mara mpangaji anayeondolewa alikuwa wa mwisho kuambiwa. Na kila mara fundi aliinamia cherehani yake, akishukuru moyoni kwamba si zamu yake.

"Shangazi, leo ni wewe!" fundi saa wa mlango wa pili alimtania, lenzi bado jichoni. "Akianza kukupima kiuno, kimbia."

"Nyamaza huko. Saa zako zenyewe hazipatani."

Alicheka, lakini hakumwondolea jicho yule mgeni. Eti katumwa na ofisi ya ramani, anaangalia tu. Sasa mtu wa ramani, mbona anaanzia kupima kwenye kumi? Hivyo hufanya fundi ambaye futi yake imelika ncha. Yeye mwenyewe ndivyo afanyavyo. Mbona penseli kaichomeka sikioni? Na pale katikati ya chumba, pasipo ukuta wala nguzo, mbona kapiga mstari wa chaki?

"Kijana wangu," akamwambia, "wewe ni seremala."

Mgeni akakunja futi. "Nani kakuambia, mama?"

"Mikono yako. Unanijengea nini hapo kwenye chaki?"

Kijana akachungulia mlangoni kwanza, kisha akashusha sauti. "Ukuta wa mbao. Msimamizi wa jengo alinikataza nisikuambie, eti utaleta maneno. Jumatatu anaingia kinyozi hapa mbele. Wewe unarudishwa nyuma."

Dirisha la chumba lilikuwa moja tu, la mbele; nyuma kulikuwa na giza hata saa sita mchana. Kutia uzi kwenye sindano huko ni kubahatisha. Yale maneno yake ya siku zote, "sawa, haina shida," yakamfika ulimini. Akayameza. Akaweka mkasi mezani na kusimama.

"Mwambie msimamizi wako," alisema, kwa sauti hata fundi saa akaisikia, "mimi siendi nyuma. Nataka upande wa dirisha."