Chumvi ya Juu ya Kulfi

Kwa miaka sita nilipika kulfi, maziwa matamu ya kugandisha, aliyouza baba yangu, na sikuwahi hata siku moja kumwona akiiuza. Kazi yangu ilikuwa inaishia mlangoni. Asubuhi maziwa yakiletwa nayamimina kwenye karai kubwa la chuma, nachochea mpaka yanabaki chini ya nusu na yanageuka rangi ya mchanga. Natia sukari, iliki na lozi zilizosagwa. Yakipoa najaza mikebe ya bati iliyochongoka chini, nafunika, kisha naziba ukingo wa kila kifuniko kwa unga uliokandwa, tone lisitoke wala lisiingie. Abba, ndivyo ninavyomwita baba, anaipanga mikebe ndani ya mtungi wa udongo, katikati ya barafu na chumvi ya mawe, anauzungushia mtungi kitambaa chekundu kilicholowa, halafu anasukuma mkokoteni wake hadi kona ya mtaa. Mimi nabaki nikisugua karai.

Wanawake wa mtaani walikuwa wakinisifu kupitia dirishani. Farkhanda, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alipenda kunitania.

"Tahmina, niambie siri yako. Ile chumvi kidogo ya juu juu, unaitia saa ngapi?"

"Sitii chumvi, dada."

"Haya, ficha. Ukiolewa mama mkwe wako atakukamua mpaka useme."

Nilikuwa nainamisha kichwa nacheka. Nilidhani ni maneno tu. Kulfi yangu haikuwa na chumvi.

Mwezi wa Juni, mji wetu wa Multan ulipokuwa unawaka kwa joto na watu wanatembea wakiambaa kivuli cha kuta, Momina aliugua. Momina ni binti yake Farkhanda, ana miaka mitano. Alihara na kutapika siku mbili, akalazwa hospitali, akatundikiwa maji. Watoto wengine wawili wa mtaa wetu waliumwa tumbo wiki hiyo hiyo. Wote walikuwa wamekula kulfi ya Abba.

Farkhanda alikuja mlangoni kwetu moja kwa moja kutoka hospitali, shela imemteleza begani na hana habari nayo.

"Kaka Ditta, leo sikuja kununua."

Jina la baba yangu ni Allah Ditta, lakini mtaa mzima unamwita Ditta wa Kulfi. Alitoka akiwa na taulo mkononi.

"Nimesikia habari za mtoto. Mwenyezi Mungu ampe nafuu."

"Ampe nafuu, na wewe akupe haya. Umemlisha nini mwanangu?"

"Maziwa, Farkhanda. Maziwa yaliyochemka saa tatu nzima. Muulize huyu." Akaninyooshea mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Sikutoka.

"Huyo hata ukimuuliza jina lake anatazama vidole vya miguu," Farkhanda alisema. "Nimekwenda kwa Haji Inayat. Ijumaa baada ya swala wanaume wa mtaa watakaa pale kwenye kona waamue. Nataka mkokoteni wako uondoke mtaa huu."

Haji Inayat ndiye mkubwa wa mtaa. Akisema mkokoteni uondoke, unaondoka, na ukishaondoka kwa sababu kama ile hakuna mtaa mwingine utakaoupokea. Abba alianza na kona ile kabla mimi sijazaliwa. Hana kazi nyingine anayoijua.

Jioni ile alikaa kitandani uani akazungumza peke yake. "Waje. Ijumaa nitalipeleka karai palepale kwenye kona, wayaone maziwa yanavyochemka. Nitashika Kurani mbele yao kwamba maziwa yangu ni safi."

Nilijua ni safi. Nayachochea mwenyewe. Lakini maneno ya Farkhanda ya zamani yaliniingia kichwani yakakataa kutoka. Chumvi ya juu juu. Mimi sitii chumvi, na mikebe nimeiziba kwa unga. Sasa chumvi waliyokuwa wakiilamba watu ilitoka wapi?

Jumatano alipita Dada Nusrat, yule anayezunguka nyumba kwa nyumba na matone ya chanjo ya watoto. Kwake huwa naweza kuzungumza, kwa sababu anakunywa chai yake polepole na hamkodolei mtu macho. Nilimweleza habari ya ile chumvi, kisha nikamuuliza kama barafu linaua uchafu, maana Abba husema hivyo siku zote: kitu kikiganda, kila kilichomo kimekufa.

"Nani kakudanganya?" alisema. "Baridi haiui vijidudu, mdogo wangu. Inavilaza tu. Ukivipa joto vinaamka, na tumbo lina joto."

"Dada, unaweza kwenda na mimi hadi kwenye kona?"

Aliweka kikombe chini. "Wewe? Kwenye kona?"

"Nataka kuona Abba anavyouza."

Tulisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la fundi cherehani, nimejifunika shela mpaka machoni. Wateja walikuwa wachache sana. Kwanza nililiona barafu likiletwa. Mtu alikivuta kipande kizima juu ya gunia, gunia likiburuzwa kwenye vumbi la barabara, akakata nusu kwa ajili ya muuza samaki na nusu akampa Abba. Hilo halikunitisha sana. Barafu linakaa nje ya mikebe, na mikebe imezibwa.

Kisha akaja kijana mmoja akaagiza. Abba alitoa mkebe mtungini, akabandua unga wangu kwa kucha, akafungua kifuniko. Kulfi ilikuwa imeng'ang'ania bati. Basi akauchovya mkebe mzima kwenye ndoo iliyokuwa chini ya mkokoteni, maji yakapanda mpaka mdomoni, akauzungusha viganjani mara mbili tatu, na kulfi ikateleza ikaangukia kwenye sahani ikiwa inang'aa. Kisu nacho alikisuuza ndani ya ndoo ileile. Na vidole vyake.

Ndoo ile ilikuwa inapokea maji yanayodondoka kutoka kwenye tundu la mtungi. Ni lile barafu la barabarani, limeyeyuka pamoja na chumvi ya mawe.

"Umeiona chumvi yako?" Dada Nusrat aliniuliza kwa sauti ya chini.

Niliiona. Saa tatu za kuchemsha zilikuwa zimeishia kwenye ndoo ile.

Kuona kulikuwa rahisi. Kusema ndiyo kazi. Mimi na baba yangu tunazungumza kuhusu sukari, kuni na mikebe iliyopinda, basi. Tangu mama afariki, nikaacha shule darasa la nne nikashika mwiko wake, sijawahi kumwambia neno la kumrekebisha. Na yeye si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeweza kukasirika, na hasira ingenipa maneno.

Alhamisi alirudi mapema na mikebe mingi haijauzwa. Akateremsha ndoo uani ili aimwage kwenye mfereji. Nilitoka jikoni na bilauri. Niliishika kwa mikono miwili. Nikachota kwenye ndoo nikampa.

"Nini hii?"

"Maji, Abba. Kunywa."

Alicheka kidogo. "Joto limekupanda kichwani? Haya si ya kunywa."

Nilibaki nimeinyoosha bilauri. Aliipokea, nadhani kwa sababu hakujua la kufanya. Ndani yake kulikuwa na vumbi la barabarani, uzi wa gunia, na kitu cheusi kidogo kikizunguka taratibu.

"Nilikuja kwenye kona jana," nilisema.

"Ulitoka nyumbani? Na nani?"

"Na Dada Nusrat. Nilikuona unavyochovya mikebe."

"Kwa hiyo sasa nafundishwa kazi." Sauti yake ilipanda. "Baba yangu alichovya, na Ustadhi aliyemfundisha baba yangu alichovya. Bila kuchovya inatokaje? Utaipigia hodi? Kitu kimetoka kwenye barafu, kina uchafu gani?"

"Basi kunywa, Abba."

Aliinua bilauri. Kweli aliinua, ikafika kidevuni, na mimi nikaanza kuogopa kwamba atakunywa kwa ukaidi tu. Akasimama hivyo muda mrefu. Halafu akaiteremsha akaitazama upande wa jua.

"Miaka yote hii," alisema.

Akaketi juu ya kizingiti. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi pale, pale ni mahali pangu pa kumenyea vitunguu. Baada ya kitambo akaniuliza, "Yule mtoto yu wapi sasa?"

"Ametoka hospitali. Anakunywa uji."

Aliondoka bila kuvaa viatu vizuri, akimimina maji yale mferejini njiani. Nilidhani amekwenda kwa Farkhanda, lakini alikwenda kuzunguka tu. Aliporudi alisema tu, "Washa moto. Tuone itatokaje bila kuchovya."

Tuliharibu mikebe saba. Kuuweka mkebe kwenye mvuke kuliyeyusha kulfi nje ikabaki jiwe ndani. Kuusugua kwa viganja vitupu kuliunguza mikono yake kwa baridi. Mwishowe tukaona kwamba kitambaa safi kilichochemshwa, kikikamuliwa kikiwa bado na joto, kisha kikizungushwa kwenye mkebe kwa kuhesabu mpaka kumi, kinatosha. Kulfi inateleza yenyewe, na hakuna maji yanayoigusa. Abba aliila ile ya nane amesimama. "Ina ladha ya iliki," alisema, kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza.

Ijumaa baada ya swala wanaume walikusanyika kwenye kona. Wanawake walikuwa milangoni na madirishani, na Farkhanda alikuwa barabarani kabisa, Momina amembeba kiunoni, miguu ya mtoto imekonda. Abba aliniambia niende naye. Hakuniomba, aliniambia tu kwa namna ileile anayosema lete kuni. Nilibeba birika na vitambaa ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Haji Inayat alikaa kwenye kiti cha fundi cherehani. "Ditta, sema. Wenzako wanasema maziwa yako yameharibika."

Karai halikuwepo wala Kurani. Abba alivuta ndoo kutoka chini ya mkokoteni akaiweka katikati ya watu.

"Maziwa hayana kosa," alisema. "Binti yangu anayapika vizuri. Kosa ni langu na ndoo hii. Nilikuwa nachovya mikebe humu. Haya ni maji ya barafu lililoburuzwa barabarani. Mlikuwa mkiyala, na mimi sikujua. Yule mtoto niliyemuumiza ni wa Farkhanda, na wengine wawili, na sijui wangapi kabla yao. Naomba radhi."

Halafu mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe ndiyo ile chumvi," na mwingine akamjibu, "Na wewe ulikuwa unaomba iongezwe," na watu kadhaa wakacheka, kicheko cha aibu.

Farkhanda hakucheka. "Radhi nimesikia. Sasa ndoo utaweka wapi? Kesho tukigeuza mgongo si utachovya tena?"

Abba akanitazama. Watu wote wakanitazama. Nilitazama vidole vya miguu yangu kweli, kama alivyosema. Kisha nikafungua sufuria, mvuke ukatoka, nikakamua kitambaa kimoja. Kilikuwa cha moto na kiliniunguza lakini sikukiachia. Nikauchukua mkebe, nikabandua unga, nikauzungushia kitambaa.

"Nahesabu mpaka kumi," nilisema. Sauti ilitoka ndogo. "Baada ya hapo kitambaa hiki hakigusi mkebe mwingine. Nimekuja na ishirini. Vikiisha, tunafunga biashara ya siku hiyo, hata kama mikebe imebaki."

"Sema kwa nguvu, hatusikii," mtu alisema dirishani.

Nikarudia kwa nguvu. Kulfi ikateleza ikatua kwenye sahani, kavu, haing'ai kama zamani. Haji Inayat alinyoosha mkono. Alikula polepole, watu wakimtazama mdomo.

"Imepungua kitu," alisema.

"Uchafu, Haji," Abba alimjibu.

Haji alikula ikaisha. Akafuta ndevu akasema mkokoteni utabaki kwa mwezi mmoja watu wakiutazama, na mtu yeyote anayetaka anaweza kuja kuchungulia chini yake saa yoyote. Abba alikubali. Siku ile tuliuza mikebe minne.

Farkhanda hakununua. Alinikaribia wakati natoa vitambaa vilivyotumika.

"Hivi unavichemsha wapi?"

"Nyumbani. Asubuhi, kabla ya maziwa."

"Nitakuja kuona."

Nilidhani anatisha tu, lakini kesho yake asubuhi alibisha hodi. Akaketi jikoni kwangu, Momina mapajani, akatazama sufuria mpaka ilipotokota, akatazama nikiosha mikono, akaniambia mwiko wangu umechakaa nitafute mwingine. Akaondoka. Siku ya pili alikuja tena, na safari hii alizungumza habari za wifi yake mpaka maziwa yakakaribia kuungua. Siku ya tano nilizoea, nikamwambia asogee, amekaa mahali pangu.

"Angalia huyu," alimwambia mwanawe. "Amepata mdomo."

Siku ya kumi na moja nilikuwa kwenye kona pamoja na Abba. Sasa naenda kila siku, kwa sababu mikono miwili haitoshi kwa vitambaa na mikebe. Farkhanda alikuja amemshika Momina mkono, na chini ya shela alikuwa na sahani yake mwenyewe ya chuma, ameiosha mpaka inawaka.

"Mmoja," alisema. "Mdogo. Na uuzungushie kitambaa wewe, Tahmina, si baba yako."

Abba akasogea pembeni. Nilikamua kitambaa, nikauzungushia mkebe, na Momina, aliyesimama kwa kunyanyua visigino apate kuona, akaanza kuhesabu pamoja nami.