Nyota Imesingiziwa

Chiriku alikuwa mtoto wa kuongea. Aliongea akila, aliongea akioga, na hata usingizini alibishana na watu wasiojulikana. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Nyumba nzima, nyumba ya vyumba sita vilivyopangana mlango kwa mlango, walimwita Chiriku, na mama yake wakamwita Mama Pasi kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Mama Pasi alikuwa ameizoea sauti ya mwanawe kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Huisikii ikigonga. Utaisikia siku ikinyamaza.

Siku mashine ilipotua kwenye sayari ya Mirihi, watu walijazana kwa kinyozi wa pembeni, kwa kuwa yeye ndiye mwenye televisheni kubwa. Mashine haikuwa na mtu ndani. Ilishuka ikining'inia kwenye mwavuli, ikatifua vumbi jekundu hadi kioo chote kikawa vumbi tupu, kisha vumbi likatulia na magurudumu yakaonekana. Wazungumzaji wa televisheni wakakumbatiana wakilia. Kwa kinyozi watu walitazamana.

"Wamefikisha gari mpaka kwenye nyota," alisema mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa, "na gari la taka halijui njia ya hapa."

"Kule hakuna mashimo," kinyozi akamjibu. "Wangetua barabara yetu ndiyo tungejua kama ni mafundi."

Watu wakaangua kicheko. Mama Pasi naye alicheka, ila kicheko hakikushuka moyoni. Macho yake yalibaki kwenye lile vumbi. Kabla ya Chiriku alikuwa amezika watoto wawili, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Mama," Chiriku alimvuta kanga, "lile gari lina mama?"

"Gari halina mama."

"Sasa nani ameliambia lisiende mbali?"

Kesho yake asubuhi, Taarifa akaja na simu mkononi. Taarifa alikaa chumba cha pili, alikuwa na mtoto mchanga, na riziki yake ilikuwa kuchemsha maharage ya kuuza. Jina hilo alipewa kwa sababu habari ya mtaa ilikuwa haijawa habari mpaka ipite mdomoni mwake.

"Sikiliza hii, shoga yangu. Kaa chini kwanza."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya mtu mwenye uchungu, iliyokuwa ikikatika kwa kikohozi. Alisema mashine ile imelitibua vumbi la Mirihi, na vumbi hilo litashuka na mvua ya kwanza. Wenye watoto wafunge milango na madirisha, wazibe kila tundu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Wakubwa wanajua, alisema, lakini wamenyamaza.

"Huyu anayesema ni nani?" Mama Pasi aliuliza.

"Mtaalamu."

"Wa wapi?"

"Mama Pasi, mtu akikwambia kitandani kwako kuna nyoka, utamdai cheti?" Taarifa alijifunga kanga upya. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nafunga. Wewe mwenye mtoto mmoja wa kubahatisha, shauri yako."

Neno hilo lilimchoma pale pale palipokusudiwa. Taarifa alimrushia ujumbe ule kwenye simu, na alipotoka tu Mama Pasi akautuma kwenye kundi la wazazi wa shule. Wazazi wakashukuru. Baba mmoja tu aliandika kwamba vumbi la huko haliwezi kufika huku. Akaambiwa kama amechoka na watoto wake, wenzake hawajachoka na wa kwao.

Mchana mawingu yakakusanyika. Mama Pasi akamwita Chiriku ndani, akafunga dirisha. Akachana shuka kuukuu, akayashindilia yale matambara kwenye nyufa za dirisha, akakunja gunia na kulilaza chini ya mlango. Mwanya wa juu, kati ya ukuta na bati, aliuziba kwa matandiko.

Lakini kazi haijui nyota. Mlinzi wa ghala, jirani wa nyumba ya nyuma, alikuwa ameacha sare yake na angeifuata kabla ya kwenda lindo. Siku zote Mama Pasi aliwashia jiko barazani, akalipepea mpaka moshi uishe, akajaza makaa kwenye pasi, na jiko akaliacha huko huko nje. Siku hiyo baraza lilikuwa la mvua, na mvua ilikuwa ya vumbi. Akaliwasha mlangoni, akangoja moshi uishe, akaliingiza jiko ndani, akafunga mlango na kulirudisha gunia mahali pake. Makaa yalikuwa mekundu, safi, hayana moshi hata wa dawa. Kwake yeye jiko lisilo na moshi halikuwa na neno.

Chiriku alisimama kitandani, pua kwenye kioo.

"Mama, nyota ikinyeshewa inazimika? Mama, lile gari nalo limefungiwa? Mama, mbona mvua si nyekundu?"

"Ondoka dirishani."

Akaondoka. Akaongea na mdoli. Akaongea na shati la mlinzi lililokuwa likinyooshwa mkono, akaliuliza kama linaungua. Kisha akasema kichwa kinamuuma.

Mama Pasi akaiacha pasi. Na yeye kichwa kilikuwa kikimgonga, tangu alipomaliza kola. Alikuwa amejiambia ni joto. Akamlaza mtoto, akamnywesha maji, mtoto akayatapika. Akakumbuka ile sauti na kikohozi chake: kichwa, kichefuchefu, usingizi. Kumbe ni kweli. Kumbe limeshaingia. Akazunguka chumba akitafuta lilikopitia, ukuta ukimyumbia, akaliona tundu la ufunguo. Akalisokotea kitambaa. Kisha akamwona Chiriku amejikunyata kama mwenye baridi, akalisogeza jiko karibu na kitanda apate joto.

Mama mwenzangu unayesoma, usimcheke. Alikuwa akimwokoa mwanawe.

Hodi ikapigwa.

"Mama Pasi, ni mimi, mlinzi. Sare yangu."

"Sifungui."

"Umeiunguza?"

"Kuna vumbi huko nje. Mtoto ameshapatwa. Leo nenda bila sare."

"Nikalinde na fulana? Mwizi si atanipa pole?" Mlinzi alicheka peke yake nje kwenye mvua, kisha kicheko kikamkatika. "Amepatwa na nini mtoto?"

"Kichwa. Ametapika. Sasa amelala."

Mlinzi akausogelea mlango.

"Mama Pasi, jiko liko wapi?"

"Liko humu. Ningenyoosha sare yako kwa nini, kwa ulimi?"

"Fungua mlango."

"Nimeshasema sifungui."

"Basi mwite mtoto," mlinzi alisema, na sauti yake haikuwa tena na mzaha. "Mwite tu. Akikujibu nitaondoka zangu."

Mama Pasi akageuka. "Chiriku." Mtoto alilala ubavu, mashavu mekundu, mzuri kuliko siku zote. "Chiriku, mwanangu, mjibu mlinzi." Akamtikisa. Mkono ukaanguka pembeni ya kitanda kama nguo iliyolowa. Hapo ndipo alipousikia ule ukimya, na alitambua kwamba ulikuwapo tangu zamani, tangu kola au kabla ya kola.

Alitambaa mpaka mlangoni, akavuta gunia, akafungua.

Mlinzi hakungoja kukaribishwa. Alimbeba mtoto moja kwa moja mpaka nje, katikati ya mvua, na Mama Pasi akamfuata akimpiga ngumi za mgongoni.

"Mtoe kwenye mvua. Unamuua, mtoe kwenye mvua."

"Nipige tu," mlinzi alisema. "Ila pumua. Na wewe pumua."

Maji yakamtiririka Chiriku usoni. Hakikutokea kitu. Mlinzi akamgeuza, akampigapiga mgongoni, akamwita kwa jina hilo la ndege. Mama Pasi aliacha kupiga ngumi. Aliomba, si kwa maneno. Ndipo mtoto akakoroma, akatapika, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo kama mlango mbovu.

"Kibandani kwetu lindoni tulikuwa wawili," mlinzi alisema, akimfunika mtoto kwa koti. "Usiku wa baridi mwenzangu akaingiza jiko, akafunga. Nilipokwenda kumpokea zamu alikuwa amelala hivi hivi, mashavu mekundu. Yeye hakuamka."

Mama Pasi akatazama ndani kupitia mlango uliokuwa wazi. Jiko lilikaa kando ya kitanda, jekundu, tulivu, kama mgeni mwenye adabu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amekitafuta juu ya mawingu.

Kisha akaugeukia mlango wa pili. Chini yake palikuwa pameshindiliwa kanga. Kutoka ndani ilikuja harufu ya maharage yanayoungua.

"Taarifa," aliita. Akagonga. "Taarifa, fungua. Ni jiko, si vumbi."

Hakujibiwa. Mlango ulikuwa umekomewa. Akarudi chumbani mwake, akachukua pasi ikiwa na makaa yake ndani, akayamwaga mvuani yakalia, na kwa chuma kile kitupu akavunja kioo cha dirisha la Taarifa. Akavuta matambara yote, akatia kichwa ndani.

Taarifa alikuwa sakafuni, mtoto kifuani. Hewa ilipomfikia akafumbua macho taratibu, akaliona dirisha, akaona mvua ikiingia.

"Umeniulia mwanangu," alisema kwa ulimi mzito. "Mchawi wewe. Umeniingizia vumbi." Akaokota mto, akajikokota ili alizibe lile tundu.

Mama Pasi alijaza dirisha kwa mabega yake, vigae vikimkata mikono, akasimama pale akitukanwa yeye na ukoo wake, mpaka alipokisikia alichokuwa akikisubiri: mtoto mchanga analia.

Zahanati iliwalaza watoto wote wawili. Waliwekewa mipira ya hewa puani. Chiriku alipoamka vizuri, muuguzi aliinama akamuuliza, "Mama yako anaitwa nani, mrembo?"

Mtoto ambaye zamani angejibu, akauliza jina la mama wa muuguzi, na la bibi yake pia, alikaa akifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu.

"Mama," alisema.

Muuguzi akatabasamu. Mama Pasi hakutabasamu.

Walirudi nyumbani. Mlinzi alivaa sare yake ikiwa imenyooka kola peke yake, akakataa irudiwe. Na siku moja, Mama Pasi akiwa barazani anajaza makaa, simu ikalia kwa ujumbe wa kundi. Ilikuwa sauti ile ile na kikohozi kile kile. Safari hii, mwishoni palikuwa pameongezwa sauti ya mwanamke: kuna nyumba, alisema, watoto wawili wamezimia kwa vumbi la Mirihi baada ya mama mmoja kufungua mlango kwenye mvua. Wamelazwa, mashahidi wapo. Fungeni, akina mama, fungeni.

Mama Pasi aliisikiliza tena na tena. Kisha, yeye ambaye hakuwahi kutoa neno lake mwenyewe kwenye kundi ila amina, akabonyeza akarekodi. Alisema watoto hao mmoja ni wake. Alisema lilikuwa jiko. Alisema makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua kwa upole, na hewa ya chumba kilichozibwa huliwa bila mtu kusikia. Jiko likae nje, na mvua ikilifukuza, bora mle chakula baridi.

Majibu yalikuja upesi. "Pole, dada, lakini mbona unawatetea wakubwa?" "Umelipwa na nani?" Wa mwisho aliandika tu: "Sisi tumeshafunga."

"Mimi nasema vilisaidiana," alisema Taarifa, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, mwanawe mgongoni. Sasa alichemshia nje, lakini dirisha lake jipya alilifunga mawingu yakitanda. "Vumbi na jiko. Huwezi kujua."

Mama Pasi akaendelea kujaza makaa. Tangu hapo mteja akija kuchukua nguo, huzishika kwanza, hazimtoki mkononi mpaka amuulize: "Kwako jiko liko wapi mvua ikinyesha?" Wengine hucheka. Wengine huhamia kwa mpiga pasi mwingine. Mmoja alisimama, akaweka mkono mdomoni, akaondoka mbio bila nguo zake.

Jioni moja mbingu zilikuwa safi. Chiriku alisimama kitandani, dirisha wazi, akitazama juu kule walikosema gari limetua.

"Mama," alisema. "Lile gari..."

Akakwama. Midomo ilicheza, ikilitafuta neno lililokuwa lake jana na juzi. Mama Pasi akaiweka pasi chini, akangoja.