Fundi wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mtafiti alikuwa amemficha fundi cherehani kwa kila ujanja wa kazi yake. Jina aliligeuza Namba Kumi na Saba, umri akaupunguza, mtaa akaufuta kabisa. Watu wa vitabu nao! Wakishambandika mtu namba, hudhani wamemfungia kabatini.

Asubuhi hiyo ripoti yake kuhusu mgomo wa amani iligawiwa na wapatanishi kwa pande zote mbili za mazungumzo ya amani. Saa nne simu ikalia. Alikuwa kanali wa ujumbe wa serikali, mpole kupita kiasi.

"Hongera, dada. Ukurasa wa arobaini na moja umenifurahisha. Huyo fundi aliyetangaza siku ya mgomo kwa uzi mwekundu kwenye pindo za sare za shule. Mke wangu ametoa sketi ya zamani ya binti yetu. Mishono mitatu. Na kweli mligoma Jumatatu."

Akacheka, akakata simu.

Mtafiti akaufungua ukurasa ule. Sare za shule ya binti huyo zilishonwa na fundi mmoja tu, na habari ya uzi mwekundu aliiacha ndani ya ripoti kwa kuwa ilikuwa tamu kusimuliwa, basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Alitoka ofisini mbio, mkoba wazi.

Alimkuta fundi akitunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa kuingia.

"Mama, funga duka tuondoke!"

"Wameshapita," alisema fundi. "Wawili. Nimewapima suruali, lakini kitambaa hawakuacha. Wanarudi saa sita. Na gari lao lile pale kwenye kona, nitakimbilia wapi na goti hili?"

"Nisamehe, mama. Nilikuficha, haki ya Mungu nilikuficha."

"Ulinificha vizuri mno, mwanangu, na hilo ndilo linalonitisha." Sindano ilimponyoka, asiiokote. "Wakinichukua leo, nani ataniulizia? Namba Kumi na Saba? Namba haina wa kuililia. Wapigie wapatanishi wako. Wape jina langu lote, mbele ya hao wakubwa."

Kwa miaka kumi na miwili mtafiti hakuwahi kutaja jina la shahidi. Ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi yake, na aliwafundisha wengine. Alikosea namba mara mbili. Mpatanishi mkuu alipopokea, mtafiti alimwomba afungue spika ili ukumbi mzima usikie, kanali akiwemo.

"Tunakusikiliza," ilisema simu.

Nje, milango ya gari ilifunguliwa, saa sita haijafika. Mtafiti akatazama mlangoni. Fundi akamshika mkono.

"Taja polepole," alinong'ona. "Waandike sawasawa."

Mtafiti akayataja majina yote matatu ya fundi, lake, la baba na la babu, kisha akayarudia herufi kwa herufi, huku viatu vikipanda ngazi ya duka.