Moto Ndani

Mwaka ule watu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, walipokuwa wanakufa kwa risasi, kwa kipindupindu na kwa njaa, Marthe alizunguka na daftari kuwauliza kama wanavuta sigara.

Walimcheka, na walikuwa na haki. Askari wameshika mji, barabara ya Fizi imefungwa, ndagala zenyewe, dagaa wa ziwani, zimepanda bei kama nyama ya ng'ombe, halafu anakuja muuguzi mwenye blauzi iliyopigwa pasi na kuuliza swali la saba: kwa siku unavuta mara ngapi? Mzee mmoja wa sokoni alimjibu kwamba angevuta hata mara ishirini, bahati mbaya munganga amekuja na kalamu tu, tumbako ameisahau nyumbani.

Hata hivyo aliandika. Profesa wake wa chuo cha uuguzi kule Uvira alimpa kazi hiyo kabla njia haijafungwa: tumbako na kuacha tumbako kwa wanawake waliokimbia vita. Kurasa hamsini, kwa mashine, nakala tatu. Profesa mwenyewe alishakimbia. Wengine walisema yuko Kigoma, wengine walisema amekufa. Marthe alikuwa na miaka thelathini na minne. Diploma ilikuwa imemponyoka mara mbili, mara zote mbili kwa sababu ya vita, na safari hii alikuwa ameamua kwamba vita ndivyo vitakavyongoja.

Wanawake wake, arobaini na mmoja, walilala katika madarasa mawili ya shule ya msingi iliyokuwa karibu na kituo chake cha afya. Walikuwa wameshuka kutoka vijiji vya juu, upande wa Fizi. Wengine walikuja moja kwa moja, wengine baada ya kukaa porini majira mawili ya mvua. Kiongozi wao, kama alikuwapo kiongozi, alikuwa Mama Nabindu, mjane wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye sauti ya kiume na meno manne. Ndiye aliyempa Marthe jina lililomganda: Munganga wa Moshi.

Siku moja jino moja kati ya yale manne likamuuma Nabindu. Marthe akawasha tochi, akaliona jino, kisha akalisahau. Kaakaa lote, yaani sehemu ya juu ya kinywa, lilikuwa jeupe na gumu kama ngozi ya kisigino, limetapakaa vidoa vyekundu. Akauliza ni ugonjwa gani huo. Nabindu alicheka, akamwomba kipande cha daftari, akakisokotea tumbako, akawasha. Alivuta mara moja tu kama watu wote. Halafu akaugeuza msokoto, akaingiza kinywani upande wenye moto, akafunga midomo. Moshi ukatoka puani. Moto haukuonekana popote.

"Kule porini ukivuta moto ikiwa inje, bale ba ng'ambo ya mutoni bataona mwangaza," alisema alipoutoa. "Basi tulijifunza kuweka moto ndani. Na mutoto akilia, unamufunika kinywa. Ni ile tu, munganga. Sasa jino yangu, utaiangalia ao hapana?"

Marthe aliliangalia jino, lakini mawazo yake yalikuwa yamekwisha kuondoka. Kitu hicho hakikuwamo katika vitabu vya Uvira. Kwa wiki mbili alifungua vinywa vya madarasa yote mawili, na hesabu ikatoka safi mno: wanawake kumi na tisa walikuwa na kaakaa la namna hiyo, na wote kumi na tisa walikuwa wamepita porini. Miongoni mwa waliokuja moja kwa moja, hakuna hata mmoja. Akaandika jina, umri, kijiji, na mbele ya kila mmoja wa wale kumi na tisa akaweka herufi mbili kwa wino mwekundu: M.N., moto ndani. Alifurahi, Mungu amsamehe. Alifurahi kama mtu aliyeokota saa barabarani.

Wala hakuwa mtu wa kuandika tu. Kila Jumanne aliwafundisha: jinsi kinywa kinavyoanza kuwa cheupe, kisha kuwa kidonda, kisha kuwa saratani, jinsi mtu anavyoweza kuacha, siku moja baada ya nyingine. Waliokubali kuacha walimkabidhi tumbako yao, naye akaifungia katika kopo la maziwa ya unga. Wa kwanza alikuwa Nabindu, ambaye alifikisha siku kumi na sita na kutangaza kwamba sasa anasikia harufu za watu, jambo ambalo halikumfurahisha hata kidogo.

Aliyesikiliza zaidi ya wote hakuwa mvutaji. Nuru alikuwa na miaka ishirini na mimba ya miezi minane. Mumewe alikuwa amepotelea njiani. Hakuwahi kugusa tumbako maishani mwake. Marthe alikuwa amesema kwamba kile mama anachovuta, mtoto tumboni anakivuta pia, na Nuru aliyashika maneno hayo kama katekisimu. Aliketi mlangoni, penye hewa, akipeperusha moshi wa wenzake kwa kitenge. Kila Jumanne alirudia kuuliza kama moshi wa jirani nao unahesabiwa. Wenzake walimtania kwamba huyo mtoto atazaliwa akiomba dirisha lifunguliwe.

Kisha akaja komanda wa askari walioshika mji. Alikuwa na kidonda cha muundi, na kila baada ya siku moja alifika kwa Marthe kubadilishiwa bandeji. Hakuwa na makelele. Alikuwa mtu aliyesoma, aliyesema samahani kabla ya kukaa. Asubuhi moja aliliona daftari mezani, akauliza ni la nini. Marthe akaeleza kwa kifupi, kwa sababu alikwisha kuzoea kwamba watu huuliza mara moja na kugeuka. Huyu aliuliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu. Katika miezi mitano hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Marthe swali la tatu, na hapo ulimi wake ukafunguka. Akamweleza kuhusu kaakaa jeupe, kuhusu moto unaogeuzwa, kuhusu mwangaza unaofichwa.

"Na ni bale tu balikaa porini?" aliuliza komanda.

"Wote kumi na tisa. Nje ya hao hakuna hata mmoja."

Ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Mkono wake ukasimama na bandeji hewani. Hakuna mtu Baraka ambaye hakujua askari wale walikuwa wanatafuta nani. Aliyeshukiwa kwamba alipikia watu wa porini, yaani waasi, au alilala nao, au aliwaoshea nguo, alipandishwa lori. Lori lilipanda barabara ya Fizi limejaa, likashuka tupu.

Komanda alifunga kiatu chake polepole. Alisema hiyo ni sayansi ya kweli na kwamba nchi inahitaji watu kama Marthe. Kesho asubuhi angepita shuleni. Marthe alete daftari, na tochi.

Mchana huo Marthe alikwenda kwenye madarasa, akawakusanya wote na kuwaambia alichofanya. Hakujificha nyuma ya neno lolote. Mmoja alisema wakimbie, mwingine akamkumbusha kwamba kuna askari pande zote mbili za mji na mashua zimezuiwa. Mmoja alianza kulia na jirani yake akamfunika kinywa, kwa mazoea.

Nabindu ndiye aliyesema. Aliuliza kwanza kama kopo la tumbako bado lipo, au Munganga wa Moshi ameivuta yote kwa siri. Hakuna aliyecheka, naye hakungoja.

"Anatafuta kinywa ya kuungua. Basi tumupatie. Zote."

Marthe alielewa, akajaribu kukataa. Akaeleza kwamba kovu la zamani ni jeupe na la jana ni jekundu, macho yoyote yataona tofauti. Nabindu alimjibu kwamba macho yatakayoshika tochi ni ya Marthe. Na kuhusu weupe, kulikuwa na unga wa muhogo uliobaki kwa chakula cha jioni. Wangeupaka juu ya vidonda. Siku moja bila bugali haimuui mtu, lori linaua.

Hivyo ndivyo utafiti ulivyotumika. Karatasi ya kusokotea haikuwapo nyingine, na daftari lilipaswa kupotea. Marthe alilichana mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa: majina, umri, vijiji, swali la saba na majibu yake, wino mwekundu wote. Wale kumi na tisa wakawasokotea wengine na kuwaonyesha namna ya kugeuza, namna ya kukunja ulimi nyuma, namna ya kuvuta bila kukohoa. Mke wa mchungaji, mmoja wa waliokuja moja kwa moja, aliyekuwa akihubiri dhidi ya tumbako toka utoto wake, aliweka moto ndani na kutazama dari huku machozi yakimtiririka. Darasa likajaa moshi na harufu ya nyama. Marthe alipita kati yao na maji ya chumvi, kama muuguzi. Mwishowe akachukua msokoto wake. Alipofumba midomo alihisi ngozi ikijikunja kama karatasi, akajua kwamba kwa mara ya kwanza anaelewa kile alichokuwa akiuliza.

Nuru alinyoosha mkono kutoka mlangoni.

"We hapana," Marthe akamwambia. "Mimba ya miezi munane. Wee hapana."

"Mupe kidogo," alisema Nabindu. "Mara moja tu."

Marthe alikataa. Alikuwa amewachoma wanawake ishirini na mmoja mchana ule, na palikuwa na kitu kimoja tu cha kazi yake kilichobaki kizima. Angepitisha tochi haraka kwenye kinywa cha Nuru, nani angejua? Nabindu alimtazama tu, hakurudia.

Asubuhi komanda alikuja na askari wanne. Aliulizia daftari. Marthe, midomo imevimba, alisema wanawake wamelivuta. Karatasi haipatikani mjini, na akiliacha mezani dakika moja wanalichana. Askari wakacheka. Komanda hakucheka. Akaamuru waanze.

Marthe akamulika. Nabindu: kovu. Wa pili: kovu. Mke wa mchungaji: kovu. Komanda alichungulia juu ya bega lake, kinywa baada ya kinywa, na uso wake ukaanza kuonyesha uchovu wa mtu aliyedanganywa dukani. Walipofika kwa mwanamke wa kumi na nane akamwambia Marthe afungue chake. Alifungua. Komanda alitazama kwa muda mrefu.

"Uliniambia ni ba porini tu."

"Nilikosea, komanda." Maneno yalimtoka mazito, kwa sababu ya ulimi na kwa sababu nyingine. "Ni tumbako ya milima, inachoma kila mutu. Utafiti yangu haina maana."

Mmoja wa askari alisema kitu kuhusu wasomi na wenzake wakacheka tena. Komanda alikuwa karibu kugeuka. Labda angegeuka. Lakini mtu aliyechekwa mbele ya askari wake hutafuta cha kuondoka nacho, akamnyang'anya Marthe tochi na kumaliza safu mwenyewe, harakaharaka, hadi mlangoni.

"Huyu iko safi," alisema. "Kama ba milimani bote banaungua, huyu alitoka wapi? Nani alimuweka katikati yenu?"

Nuru alikuwa amefunga macho, mikono miwili juu ya tumbo. Nje, dereva wa lori alikuwa anafuta kioo. Marthe alisikia sauti yake ikisema kwamba huyu aliacha. Aliacha zamani, toka mimba ilipoingia, na kinywa kimepona. Kati ya wote arobaini na mmoja, ni yeye peke yake aliyeacha.

Komanda alimfikiria kidogo. Kisha akatoa pakiti yake mfukoni, akawasha sigara, akamnyooshea Nuru.

"Mwenye aliacha anajua kuvuta. Avute. Kwa namna yenu."

Marthe alitaka kusema kitu, na alichokuwa nacho cha kusema kingewapandisha wengine wote lorini. Nuru aliichukua sigara kwa vidole vya mtu asiyejua ishikwe wapi. Mchana wote wa jana alikuwa amekaa mlangoni akiwatazama wenzake wakifundishwa. Aliigeuza. Akakunja ulimi nyuma. Akaingiza moto, akafunga midomo, na bega lake likaruka mara moja tu. Hakukohoa. Moshi ulitoka puani, mwembamba, mara moja, mara ya pili, mpaka sigara ikafika vidoleni na komanda, ambaye alikuwa akimtazama tumbo badala ya uso, akasema basi. Alirudisha tochi mezani. Aliomba bandeji yake ibadilishwe kesho kama kawaida.

Lori likaondoka. Nabindu aliokota kichungi sakafuni, akakitupa nje. Marthe alipiga magoti mbele ya Nuru na maji ya chumvi. Nuru alisukutua, akatema maji meusi yenye damu, akasukutua tena. Kisha akamshika Marthe kifundo cha mkono. Hakuuliza kuhusu kinywa chake.

"Munganga," alisema, "mutoto alisikia moto?"

Marthe alikuwa na ukurasa mzima juu ya jambo hilo, ukurasa wa ishirini na mbili, kwa mwandiko mzuri. Mke wa mchungaji ndiye aliyeuvuta.

"Hapana," alisema. "Hakusikia."